Kiti Kisicho na Pedali

Ukitaka kumjua Kevina, usianze na miguu yake. Wageni huanza hapo, wakamwonea huruma, na huruma ikishaingia katika biashara ujue bei imepanda. Anza na mdomo wake. Mimi ni mchuuzi wa mayai. Nayachukua upande wa Uganda na kuyauza upande wa Kenya, na kwa miaka yote niliyovuka mpaka wa Busia sijakutana na mtu niliyeogopa kubishana naye bei kuliko mwanamke huyu. Siku ya kwanza nilipomwita anibebee trei zangu nilimtajia nauli. Alinitazama kama mtu aliyesikia mlango wa jirani ukigongwa, akaendelea kutafuna muhogo wake.

"Mama, nasema na wewe," nikamwambia.

"Mimi nasikia. Nangoja umalize kuchekesha watu, halafu tuanze maneno ya kazi."

Nililipa alichotaka. Kesho yake nikarudi kwake, kwa sababu hakuna yai lililovunjika.

Kazi yake ilikuwa kiti. Huku mpakani tunaita kiti, lakini ni baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu asiyeweza kutembea. Pedali ziko mbele ya kifua, unazizungusha kwa mikono, na mzigo unakaa nyuma yako na chini yako. Wenye viti wapo wengi Busia na wana chama chao. Kando ya geti kubwa la malori kuna geti dogo, na hapo wenye viti hupita na mizigo ya wachuuzi bila kuambiwa teremsha, fungua, rudi nyuma. Sijawahi kuona sheria yoyote inayosema hivyo. Ni mazoea, tena ya zamani kuliko majengo mapya ya forodha, na sisi wenye mizigo midogo tunaishi kwa mazoea hayo.

Chama kina foleni, na foleni ndiyo mali. Aliye mbele anapata mizigo ya alfajiri, ya watu wanaolipa vizuri na wanaorudi kesho. Aliye mkiani anapata makaa yaliyolowa na magunia ya vyuma chakavu, mchana wa jua. Nafasi haiuzwi wala hairithiwi. Unasogea mbele pale aliyekutangulia anapokufa au anapochoka akarudi kwao. Na ukipotea wiki nzima ya soko bila ugonjwa au matanga, unarudi mkiani kama mtu aliyefika jana. Kevina aliingia mkiani akiwa msichana. Nilipomkuta mimi alikuwa wa tatu, na baadaye akawa wa kwanza.

Kwao ni Masinya, ni Msamia. Polio ilimkuta akiwa mdogo. Kaka yake, Mangeni, alikuwa akimpeleka shule kwa toroli, yeye amekaa ndani na mfuko wake wa vitabu, watoto wengine wakikimbia nyuma wakiimba. Kisha Mangeni akasikia habari za dhahabu ya Tiira, akaenda kuchimba, na toroli likaenda naye. Udongo ulikuwa na faida kuliko dada. Kevina hunisimulia hayo bila chuki, kama mtu anayeeleza kwa nini duka fulani lilifungwa. Shule ikaishia hapo. Shangazi akamleta mjini, akawa anauza karanga za kukaanga juu ya gunia, pembeni ya foleni ya malori, anawauzia madereva walewale kila wiki, na huko ndiko alikojifunza bei. "Dereva anataka kuondoka," aliniambia. "Mimi sina pa kwenda. Mwenye haraka ndiye analipa."

Kiti chake alikipata Nagongera, kwenye matanga. Mwenye kiti alikuwa amefariki na ndugu zake walikuwa hawajui wakifanyie nini. Kevina alipelekwa na bodaboda, akala chakula cha msiba, akalia panapoliliwa, kisha akaanza kuwaonyesha kutu. Hapa kutu. Hapa ekseli imepinda. Hapa mpira umekwisha. Kabla watu hawajatawanyika kiti kilikuwa chake, na ndugu waliona amewasaidia kuondoa takataka. Kwa kiti hicho alijenga nyumba ya matofali Masinya, na akamsomesha binti yake hadi akawa muuguzi Mbale.

Halafu mabega yakaanza kukataa.

Ukizungusha pedali kwa mikono tangu usichana, bega huisha kama beringi. Kwanza alishindwa kujifunga kitambaa kichwani, akawa anakivuta tu kama kofia. Baadaye nikaona pale kwenye kilima kifupi kabla ya geti anasimama katikati, anajifanya anasalimiana na watu. Nilielewa, na waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walielewa zaidi. Opolot, Mteso mmoja mpole mwenye shingo ya fahali, alikuwa wa pili. Alikuwa anangoja tu, kama Kevina alivyowangoja wenzake.

Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa hili. Mabega yakikataa kabisa, nafasi inaondoka, na mwanamke wa umri ule asiyeweza kutembea hana nafasi nyingine Busia. Alilijua vizuri. Ndiyo maana Mwalimu Okia alipofika, Kevina alikuwa tayari.

Okia anafundisha uchoraji wa kiufundi katika shule moja ya sekondari Tororo. Ana mradi anaofanya pamoja na chuo kimoja cha ufundi cha upande wa Kenya. Kila mwaka wanafunzi wanatafuta mtu mmoja mwenye shida moja, wanakaa naye, wanamtengenezea kifaa. Wa Tororo wanapima na kuchora. Wa chuo wanakata vyuma na kuchomelea. Wanakutana, wanakosoana, wanarudia, hadi kifaa kifanye kazi, kisha mwenyewe anapewa bure. Si mchezo wa watoto. Mwaka uliotangulia walitengenezea kina mama wa Nagongera mashine ya kubangua karanga, na inabangua mpaka leo. Nasema hivyo mtu asije akadhani nawasema vibaya.

Walikuja kwenye kibanda cha chai cha wenye viti. John Paul, mwenyekiti wa chama, akawaeleza shida za watu wake, lakini hakumaliza. Kevina alikuwa ameshasogeza kiti chake katikati yao na kuinua mkono mpaka pale ulipogoma.

"Unaona?" alimwambia Okia. "Hapa ndio mwisho yake."

Msichana mmoja, Justine, ndiye aliyeongoza wale wa Tororo. Mwembamba, mtaratibu, anauliza swali moja mara mbili. Alimpima Kevina urefu wa mkono, upana wa mabega, akapima kilima, akampandisha rafiki yake kwenye kiti aone uzito. Wiki chache baadaye akarudi na kiti kidogo cha katoni, kinatosha kwenye magoti, chenye gia zilizotengenezwa kwa vizibo vya soda.

"Mama, ukifika kwenye kilima unabadilisha gia hapa," alisema. "Mikono itazunguka mara nyingi, lakini haitavuta kwa nguvu. Bega litapumzika."

Kevina alizungusha kipedali kwa kidole. Vizibo vikazunguka, magurudumu ya katoni yakazunguka polepole. Kilikuwa kitu kizuri. Mimi nilikuwepo, nikafikiri, huyu mtoto ana akili.

"Na mzigo?"

"Uleule wa sasa."

"Kwa hiyo mmetoka Tororo kuja kunipa kile niko nacho."

Wanafunzi walicheka, wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Kevina hajawahi kukubali neno la kwanza la mtu yeyote. Kwake neno la kwanza ni mlango tu, mwenye nyumba yuko ndani zaidi na ana kitu kizuri alichokificha.

Sasa sikiliza kosa lilivyoanza, kwa sababu ni kosa letu sisi watu wa mpakani. Vipande vya kile kiti vilitakiwa kuvuka. Michoro ilitumwa kwa simu, lakini bomba la chuma halitumwi kwa simu. Mbao za kupimia, mfano wa kiti cha kukalia, mikono ya pedali, vyote vilitakiwa kutoka Tororo kwenda chuoni na kurudi, na Okia aliona mbebaji bora ni mwenye kiti mwenyewe, maana anavuka kila siku. Akili nzuri. Ila alimweka Kevina, mtu wa kubishana bei, katikati ya pande mbili ambazo hazionani.

Jumamosi moja nilifuatana na Kevina hadi karakana ya chuo. Kulikuwa na kijana anayeitwa Lenox, fundi wa kuchomelea, mwenye miwani ya kazi juu ya kichwa hata akiwa amekaa tu.

"Mathe, karibu. Leo umetuletea nini?"

"Mikono ya pedali. Lakini mimi sijui kama mtaitumia. Wale watoto wa Tororo wanasema wanaweka mota."

"Mota? Wameitoa wapi?"

"Hiyo mimi sijui. Mimi ni wa kubeba tu." Akaangalia dari. "Walikuwa wanasema chuo iko nyuma kidogo."

Lenox akaiweka ile mikono ya pedali pembeni. Jumatatu yake Justine alishuka Busia kupima tena, na Kevina akamwambia kwa sauti ya chini kwamba vijana wa chuo wanayo mota tayari, ila wanaona haya kusema, wasije wakawaaibisha wa Tororo.

Nilimuuliza njiani, "Mota iko?"

"Bado. Lakini kila upande unajua iko upande ule."

Nilicheka naye. Ndivyo tunavyonunua sukari. Huku unasema kule wamepunguza, kule unasema huku wameongeza, na mwisho wa siku mtu analeta kitu ambacho hakikuwepo asubuhi.

Na mota ililetwa. Wanafunzi walipigiana simu, bila shaka, lakini kufikia wakati huo hakuna upande uliotaka kuwa wa kwanza kusema hauna. Isitoshe mota ni kitu cha kupendeza kwenye maonyesho ya kila mwaka, ambako miradi ya shule hushindania zawadi. Lenox alipata mota na betri kutoka kwa bodaboda ya umeme iliyogongwa na lori. Okia alikuna kichwa, akasema mchoro wote utabadilika. Ukabadilika.

Kevina akaona mlango umefunguka, akaingia chumba cha pili. Kama mota ipo, pedali ni za nini? Zimekaa mbele ya kifua na kuzuia nafasi. Ziondolewe, hapo pawekwe sanduku la chuma lenye springi, trei za mayai zikae mbele yake anaziona. Lenox akasema sanduku la hivyo linahitaji ekseli ya pili na vikombe vya magurudumu ambavyo hawana. Kevina akamwambia kata kiti changu cha zamani, chukua ekseli, chukua vikombe, mimi nataka sanduku. Alifurahi kabisa siku hiyo. Alikuwa ametoa chuma chenye kutu na kupata sanduku lenye springi, bei ileile aliyowafanyia watu wa Nagongera.

Justine peke yake ndiye aliyeuliza. Ilikuwa kwenye kikao cha mwisho, wanafunzi wa pande zote mbili wamekaa juu ya mabenchi ya karakana.

"Mama, umewauliza watu wa geti?"

"Kuwauliza nini?"

"Kama kiti kisicho na pedali kitapita."

"Binti yangu, lile geti nimelipita kabla mama yako ajue kutongozwa. Wananijua. Wewe pima vyuma."

Vijana wa chuo walicheka hadi Lenox akaangusha miwani. Justine akaandika kitu. Kura ikapigwa, mota ikapita.

Kiti kilitoka na rangi ya bluu. Sitasema uongo, nilikitamani. Kilipanda kile kilima kimya, Kevina amekaa wima, mikono juu ya usukani mdogo, trei zangu zimepangwa mbele yake kama vyombo kabatini. Wenye viti wakamtazama bila kupiga kelele. Opolot alisogea kando kumpisha, ingawa Kevina ndiye alikuwa mbele yake siku zote.

Kwenye geti dogo alikuwepo Emuron, ofisa ambaye sote tumemzoea, mtu wa kutania na kuuliza habari za nyumbani. Alizunguka kile kiti mara moja.

"Kizuri. Pedali ziko wapi?"

"Iko mota," alisema Kevina.

"Mota naiona. Nauliza pedali."

"Ya nini tena?"

Emuron akashusha sauti, na ndipo nilipojua mambo yameharibika, kwa sababu yule mtu akitaka kitu kidogo hupandisha sauti. "Mama Kevina, kitu chenye mota ni chombo cha moto. Kinapita kule, na malori."

"Mimi ni kilema hapa, na kilema kule."

"Sijasema wewe. Nimesema hii." Akagonga sanduku kwa kalamu. "Kila kilicho na mota kina namba. Nikikupitisha wewe leo, kesho nina bodaboda mia hapa, kila moja imekaliwa na mtu mwenye mguu mbaya."

Kevina alibishana. Alibishana vizuri, nimewahi kuona wanaume wakitoa ng'ombe kwa maneno dhaifu kuliko yale. Lakini bei inapatikana kwa mtu anayeuza, na Emuron hakuwa anauza. Hapo ndipo Kevina alipojifunza, mbele yetu sote, jambo ambalo angeweza kulijua bure. Alidhani anapitishwa kwa ajili ya miguu yake, au kwa ajili ya jina lake na miaka yake. Kumbe kilichokuwa kinapita ni ile mikono inayozunguka. Ukiiondoa, habaki ila mtu aliyekalia gari.

Alikwenda kwenye foleni ya malori. Alikaa kati ya lori la saruji na lori la mafuta, wanaume wakimtazama kutoka juu. Walipomfikia walimwomba namba ya usajili, leseni na bima. Hana. Walimwambia akasajili. Ofisi ya kusajili ikataka namba ya kiwanda, na kile kiti hakikuzaliwa kiwandani, kilizaliwa kwa watoto wa shule. Mayai yangu yalishinda juani. Jioni niliyahamishia kwa Opolot.

Alirudi kwa John Paul kudai nafasi yake kwenye foleni ya viti wakati mambo yanatengenezwa.

"Foleni ni ya mikono," alisema John Paul. "Wewe mwenyewe ndio ulisimamia hiyo sheria, wakati yule mtu wa Malaba alikuja na kijana wa kumsukuma. Ulisema nini?"

Kevina alikuwa amesema mtu wa kusukumwa ni mzigo kama mizigo mingine. Sote tulikumbuka. Ulikuwa utani mzuri wakati ule.

Akaenda chuoni warudishe pedali. Lenox alikuwa amepelekwa Kisumu kwa mafunzo ya kazini, wenzake wako kwenye mitihani. Fundi aliyebaki akamwambia fremu ile haina nguzo ya mbele ya kushikia pedali, na kwa uzito wa betri na sanduku, hata ukiifunga, dume zima halitakisukuma. Akaulizia kiti chake cha zamani. Fundi akamwonyesha ekseli, ipo, iko chini ya sanduku, imechomelewa. Vilivyobaki vilishauzwa chuma chakavu.

Okia, nitamtendea haki, alihangaika. Alipanda na kushuka ofisi za pande zote mbili na barua mkononi. Lakini maonyesho yalikuwa yamekaribia na wakuu wa shule walitaka kiti kiende kama kilivyo, na bluu yake. Kikapakiwa kwenye pikapu, na Kevina kando ya dereva. Alipanda jukwaani, akakiendesha mbele ya watu, wakampigia makofi. Walishinda. Chuo kikapata mashine mpya ya kukatia chuma, shule ikapata kompyuta, Kevina akapata fulana yenye nembo za shule zote mbili. Aliporudi, wiki ya soko ilikuwa imekwisha na Opolot alikuwa mbele.

Niliwahi kumuuliza kwa nini alikwenda. "Walisema huko kutakuwa na wakubwa wa kusaidia," alisema. "Nilikwenda kuuza. Nilikuta hakuna mnunuzi, wote ni watu wa kupiga picha."

Mwaka ule uliobaki kile kiti kilikaa chini ya bati la mashine ya kusaga mahindi. Betri yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo Kevina akawa anachaji simu za watu. Waya zinatoka kwenye lile sanduku la mayai kama matumbo. Ile fulana alikuwa anafutia vumbi. Wageni wa mradi walikuja mara mbili kumpiga picha, wakamwambia atabasamu, na mara zote mbili aliwatoza kwanza.

Kisha Okia akarudi na wanafunzi wapya. Justine alikuwa nao, sasa yuko kidato cha mwisho, amekuja kama mkubwa wao. Alimsalimia Kevina kwa kupiga magoti kama desturi yao, Kevina akaitikia. Wakaingia kibandani. Safari hii walikuwa wameshaulizia kwenye geti kabla ya kuchora mstari mmoja. Walitaka kutengeneza kiti cha mikono chenye gia. Bila mota. Kwa ajili ya mtu anayefanya kazi kila siku, yaani Opolot.

Justine akatoa kile kiti cha katoni. Alikuwa amekihifadhi. Kona moja ilikuwa imelowa ikavimba, lakini vizibo vilikuwa mahali pake. Alikiweka juu ya magoti ya Opolot, na Opolot akazungusha kipedali kwa kidole chake kinene, polepole, asije akakivunja.

"Kinazunguka," alisema.

"Mzigo utakuwa uleule," Justine akamwambia, na akatazama chini.

"Uleule unanitosha."

Neno la kwanza, na amelikubali. Nilimtazama Kevina. Alikuwa anatazama vile vizibo.

"Mama Kevina," alisema Okia, "tungependa uzungumze na wanafunzi. Wewe una uzoefu. Waeleze nini kiliharibika, wasirudie."

"Utanipa nini?"

Wanafunzi wakatazamana. Okia akauliza anataka nini.

"Mkimpa huyu kiti mpya, ile yake ya zamani ni yangu. Hamkati. Hamchukui hata nati."

Okia akamgeukia Opolot, na Opolot akainua mabega yake makubwa, yasiyouma bado, kuonyesha kwamba kwake ni sawa. Wakakubaliana. Basi Kevina akawaambia wanafunzi. Hakuchukua muda.

"Kilichoharibika ni kwamba mlinisikiliza," alisema. "Mtu akiwaambia anataka, msimpe. Muulizeni anafanya nini akiamka asubuhi, mtengeneze hiyo. Mimi nilitaka. Mkanipa. Imekwisha, andikeni."

Waliandika. Msichana mmoja mdogo akauliza kama mama ana hasira nao.

"Hasira ya nini? Niliwashinda," alisema Kevina.

Kiti cha Opolot kilikamilika kabla ya mvua za vuli. Ni cha kijivu, hakina uzuri wowote, na kinapanda kile kilima kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Kiti chake cha zamani kikapelekwa kwa Kevina. Kilikuwa kipana kwake, kimezoea mikono ya mwanaume. Akakifunga gunia kwenye mgongo ili kimshike, akampelekea John Paul jina lake, na John Paul akaliandika pale wanapoandikwa wapya, nyuma ya vijana wawili ambao mama zao ni wadogo kuliko yeye.

Asubuhi yake ya kwanza nilipita na trei zangu, jua limeshatoka. Alikuwa mkiani, karibu na mtaro.

"Mulembe, Mama Lorine," alinisalimia.

"Mulembe."

"Mayai?"

"Ya Opolot."

"Anakutoza ngapi?"

Nikamwambia.

"Mimi nitapunguza."

Kwa miaka yote sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwenye mdomo ule. Nilisimama kidogo. Trei zilikuwa nzito, na wateja wangu wa Kenya wanataka mayai kabla ya saa ya chai.

"Mayai hayangoji foleni, Kevina. Wewe utafika geti adhuhuri."

Alifikiri. "Ni kweli," alisema. "Ningekuwa wewe, ningesema hivyo hivyo."

Nikaenda kwa Opolot, akapakia. Nilipogeuka nilimwona mtu mmoja wa makaa amesimama mbele ya Kevina, magunia yamelowa, maji meusi yanachuruzika. Akataja nauli, nauli ya kuchekesha, hata mtoto angemcheka. Nikangoja nisikie atakavyojibiwa.

"Haya," alisema Kevina. "Pakia."